Kwa miguu kutoka Zigi mpaka Amani na kulala huko juu: tulichopata kwa hela yetu

Nimeulizwa sana kazini na mtaani baada ya watu kuona zile picha za safari yetu ya Amani, kwahiyo naandika hapa mara moja kila mtu asome. Mwisho wa mwezi wa saba, kipupwe kile, tulikwenda watu sita kupanda msitu wa Amani kwa miguu, milima ya Usambara Mashariki wilaya ya Muheza, tukaanzia chini Zigi Jumamosi asubuhi, tukalala juu kwenye mahema, tukarudi Jumapili. Mie ni wa Ngamiani, nimezaliwa Tanga nimesoma Tanga nafanya kazi Tanga, na ile milima siku mawingu yakifunguka tunaiona kule magharibi toka utotoni, lakini kufika nimefika na miaka 34. Wallahi nilisikitika kwa hilo, wageni wanatoka Ulaya na darubini zao kuja kuangalia ndege hapo, na sie tuko hapa hapa mkoani hatujawahi.

Huduma ninayoielezea ni ya waongozaji wa kijijini, wenyeji wa hapo chini ya mlima, sio kampuni ya mjini. Namba yao nilipewa na mwalimu mwenzangu. Kwa watu sita siku mbili tulilipa laki mbili na nusu, humo kuna muongozaji mkubwa, kijana mmoja wa kutembea nyuma na kusaidia mizigo, na mama wa kupika. Vyakula tulinunua wenyewe sokoni Muheza. Kiingilio cha hifadhi na ada ya kuweka hema ni mbali, hiyo ni ya serikali, wanakupa namba ya malipo unalipa kwa simu unapewa risiti yako, na Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni.

Sasa kabla hatujaenda kulikuwa na mvutano kwenye kundi letu, maana mwenzetu mmoja alisema muongozaji wa nini, ramani ipo kwenye simu, tupunguze hiyo hela tuongeze kwenye kuku. Tulibishana siku mbili nzima. Nashukuru walioshinda ni sie tuliosema tulipe, na kwenye haya maelezo yote nikisema kitu kimoja tu ukakishika ni hicho, hema unaweza kuazima, viatu unaweza kuazima, muongozaji lipa.

Safari yenyewe ya kufika haina maneno mengi. Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda Kosta pale stendi, Muheza tukanunua vitu, halafu bodaboda sita mpaka Zigi, kama kilomita 25 za vumbi, unapita mashamba ya machungwa na minazi, baadae barabara inaanza kuingia kwenye miti na hewa inabadilika, unaisikia kabisa kwenye mikono. Pale Zigi kuna nyumba ya zamani ya Mjerumani, ilikuwa ya msimamizi wa stesheni, maana walijenga reli ndogo kutoka Tengeni mpaka Zigi kutoa mbao msituni. Nimepita Tengeni mara ngapi sijui na hakuna aliyewahi kuniambia hapo palikuwa na treni ya mbao.

Muongozaji wetu ni mtu mzima, kama miaka hamsini na kitu, sie tulimwita Mjomba kuanzia salamu ya kwanza mpaka tunaagana. Kabla ya kuanza alitusimamisha akaangalia viatu vya kila mtu, mmoja mmoja, akamwambia dada mmoja raba zako hizi zimekwisha chini utateleza, akaingia kichakani akatoka na fimbo, akamkatia saizi yake. Halafu akasema suruali zote ndani ya soksi. Na kuna kaka alikuja na spika ya bluutufi, Mjomba akamwambia kwa upole kabisa, mwanangu hii iache hapa kwa walinzi utaikuta kesho, ukipiga mziki utasikia mziki tu. Kaka alinuna kidogo ila aliiacha, na usiku alikuja kumshukuru mbele yetu sote.

Njia ya kutoka Zigi kwenda juu ni kupanda kweli kweli, chini pale uko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari na Amani ni kama mita 900, sasa hiyo tofauti yote unaipanda kwa magoti yako. Sie ilituchukua masaa matano na kusimama simama. Na kusimama ndo kwenyewe, maana Mjomba hakusimama tu tupumzike, kila aliposimama palikuwa na sababu. Kwenye kijito cha kwanza alituambia tuangalie mwamba upande wenye kivuli, sie tunaona majani tu, yale majani mafupi yenye manyoya manyoya, akasogeza fimbo bila kugusa, tukaona kiua cha zambarau kidogo hivi chenye kitone cha njano katikati. Akasema hichi ndo mnachokiona kwenye vyungu kwenye sinema za wazungu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilichukua huku Usambara akalipeleka kwao, na kwa miaka mingi jina la kitaalamu la hayo maua lilikuwa Saintpaulia, siku hizi wataalamu wameyaingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, na Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen, yaani jina la milima yetu limo ndani. Dunia nzima wanalifuga madirishani. Na kwao kwenyewe ni hapo, kwenye jiwe lililolowa, na ukiukata ule msitu unaolitia kivuli basi nalo limekwisha. Nilikaa pale nikaliangalia mpaka wenzangu wakaniita.

Kijito hicho hicho ndo kinaingia mto Zigi. Mjomba akauliza nyie mnakaa wapi, tukasema mjini, Ngamiani, mwingine Chumbageni, mwingine Makorora. Akasema basi maji haya mnayajua, yanashuka yanaenda bwawa la Mabayani, halafu yanakuja kwenu bombani. Nilikuwa najua kwamba maji ya Tanga yanatoka Zigi, hilo tulifundishwa shule, lakini kujua na kuweka mkono ndani yake ni vitu viwili, maji ya baridi, meupe, unaona kokoto moja moja. Nikakumbuka mama anavyokinga ndoo asubuhi. Mie toka siku hiyo sipiti kwenye bomba linalodondoka nikaliacha.

Kuhusu ile ramani ya simu sasa. Katikati ya safari, kama masaa mawili na nusu kutoka Zigi, kuna mti mkubwa umeanguka umelala juu ya njia, na hapo njia zinatoka tatu, moja inaonekana nzuri pana kabisa, na yule mwenzetu mwenye simu akasema ni hii. Mjomba akasema hiyo nzuri ni ya zamani ya wapasua mbao, inakwenda inakufa kwenye korongo, yetu ni hiyo inayoonekana kama sio njia. Mtandao hapo haupo, ramani inaonyesha mstari mmoja tu umenyooka. Na pembeni ya ile njia pana kulikuwa na upupu umetambaa kwenye vichaka vyote viwili, Mjomba alitunyooshea kwa fimbo, mngepita hapo mkajikuna mpaka asubuhi. Mwenzetu hakusema neno, alitia simu mfukoni. Siandiki hivi kumsema, ni rafiki yangu na yeye mwenyewe kaniambia andika.

Siafu tulikutana nao mara mbili, mstari mweusi mpana kama mkanda, na ile habari ya soksi ndo ikaeleweka. Kima walitupita juu, na mbega wawili wale weusi wenye manyoya meupe mabegani walitukalia kimya wanatutazama. Adhuhuri ilitukuta kwenye uwazi karibu na maji, Mjomba akasimama mwenyewe akasema wanaoswali waswali, hakuna aliyemuomba. Hicho kitu kidogo lakini kwetu kilikuwa kikubwa. Mmoja wetu ni Mkristo, alikaa na kijana wa nyuma wakala mayai ya kuchemsha wakatusubiri.

Ukikaribia juu msitu unabadilika, miti inakuwa mirefu mpaka unaumia shingo, kuna mtambara, kuna msambu ambao matunda yake ni makubwa yanaanguka chini wanakijiji wanaokota mbegu wanakamua mafuta, mafuta yenyewe yanaganda kama siagi. Na kuna miti mingi ya shina jeupe jeupe iliyonyooka, mie nikasema hii mizuri, Mjomba akatikisa kichwa, akasema huyo mgeni, katoka kanda ya ziwa kapandwa huku na sasa anasambaa kuliko wenyeji, kitaalamu Maesopsis, na anayemsambaza ni hondohondo, anakula tunda huku anaenda kutoa mbegu kule. Muda mfupi baadae hondohondo wakapita wenyewe juu yetu, wale wakubwa, unasikia mabawa kabla hujawaona, mlio kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo mkubwa. Nilivutiwa na jinsi alivyokuwa anatuambia na yale yasiyopendeza. Hakutuficha kwamba msitu una maradhi yake.

Tulifika juu saa tisa na nusu hivi, mama wa kupika alishatangulia na bodaboda na masufuria yake, tukakuta chai ya rangi yenye mdalasini na iliki ya hapo hapo, na magimbi ya kuchemsha. Majani ya chai nayo yanalimwa huko huko juu, Bulwa na Kwamkoro. Jamani ile chai. Jioni tukapikiwa ugali, kunde za nazi na kuku wa kienyeji, hatukuacha kitu. Shangazi yule anapika kwa moyo, na aliuliza mapema nani hali nini, kuna mwenzetu hali pilipili akatengewa chake.

Usiku ndo nataka niuandike vizuri, kwasababu watu wengi wanakwenda Amani asubuhi wanarudi jioni, na mie nawaambia mmekwenda nusu. Saa mbili usiku Mjomba alituchukua kutembea, tochi mbili tu ziwake, ya kwake na ya kijana, zetu zizimwe. Anashika tochi karibu na jicho lake anamulika ncha za vijiti taratibu, na hapo kwenye ncha ndo wanalala vinyonga. Usiku wanapauka, wanakuwa weupe weupe, kwahiyo mchana unaweza kupita mbele ya kinyonga usimwone na usiku anang'aa kama karatasi. Tulihesabu 11 kwa mwendo ambao haukufika nusu kilomita. Mmoja alikuwa mdogo sana, wa rangi ya udongo, kama jani kavu lililojikunja, nikadhani ni jani kweli mpaka nilipoonyeshwa mguu wake. Kwetu pwani kinyonga tumelelewa kumuogopa, bibi yangu akimwona alikuwa anafunga dirisha, na mie nilianza ile safari nimemshika mwenzangu mkono. Mpaka tunarudi nilikuwa mbele karibu na Mjomba. Hagusi hata mmoja na haruhusu mtu kugusa, anasema huyu kalala, umemkuta chumbani kwake. Flashi ya simu hapana.

Halafu tukazima na zile tochi mbili tukasimama. Vyura, wadudu, maji yanayodondoka kutoka kwenye majani, na kutoka mbali ukaanza mlio kama mlango wa zamani unaofunguliwa, unapanda unapanda mpaka unakuwa ukelele, nywele zilinisimama. Ni perere, kamnyama kama sungura kanakaa mitini, na eti ndugu zake wa karibu katika ukoo wa wanyama ni tembo, ndo wataalamu wanavyosema. Mwingine akamjibu upande wa pili wa bonde. Tulisimama pale kama robo saa hakuna aliyeongea, watu sita wa Tanga wasiokaa kimya hata msibani.

Lawama zangu sasa, maana zipo. Kubwa haiwahusu waongozaji kabisa, ni duka moja la mjini tulilokodi mahema na mabegi ya kulalia. Hema moja zipu ilikuwa imekatika na jingine lilikuwa na tundu juu wamelibandika selotepu, na dukani tulihakikishiwa yote yamekaguliwa. Saa saba usiku ikanyesha, sio mvua kubwa, ile ya mlimani ya pole pole isiyokoma, na maji yakaingia kwa madada wawili. Mjomba na kijana waliamka wenyewe bila kuitwa wakaja na turubai lao wakalifunga juu ya hema kwa kamba gizani, wakawapa na blanketi kavu. Turubai hilo ndo walikuwa wanalalia wao. Tuliporudi mjini duka halikurudisha hata shilingi. Kwahiyo kama unakodi, lisimamishe hema pale pale dukani ulimwagie maji, wakikataa ondoka.

Kwa waongozaji wenyewe lawama ni ndogo lakini nazisema kwasababu nataka wafike mbali. Tulichelewa kuanza saa nzima kwasababu kijana wa nyuma alipata pancha. Pili, hela ya kuni na maji ya kupikia haikutajwa mwanzo, tukaja kuambiwa juu tuongeze elfu 15, sio nyingi na hatukugombana ila mtu aliyekuja na bajeti yake imefika mwisho anapata tabu, waandike kila kitu kwenye karatasi moja wamtumie mteja kabla. Tatu, yule kijana anatembea haraka mno akipewa kuongoza mbele, Jumapili alitangulia kidogo tukawa tunakimbia nyuma yake mpaka Mjomba akamuita. Nilimwambia Mjomba yote haya tukiwa tunakunywa chai, akayapokea vizuri, akasema dada umefanya jambo la maana, wengine wakiondoka wanasema asante tu halafu hawarudi.

Jumapili tuliamshwa saa kumi na moja twende kilima cha Mbomole. Kulikuwa na ukungu, tulikaa juu kule tukaona miti inatokea mmoja mmoja kwenye weupe, halafu ukungu ukafunguka kidogo ukajifunga tena. Picha hazikutoka vizuri. Tukashuka tukapitishwa kwenye shamba la miti la Amani ambalo Wajerumani walilianzisha mwaka 1902, walileta mimea ya kila bara kuijaribu, na mingine bado imesimama mikubwa kupita kiasi. Mjomba alitusimamisha kwenye mkwinini, akatuelezea kwamba vita ya kwanza ya dunia meli za Waingereza ziliziba bahari, dawa hazifiki, na kwinini ya askari wa Kijerumani ikawa inatengenezwa hapo Amani kwa magamba ya miti hii. Hapo kuna binti tuliyekuwa naye anasomea ufamasia, alishika lile gamba kwa mikono miwili kama kitabu. Baada ya hapo karafuu, pilipili manga iliyopanda mtini, mdalasini tukachunewa kidogo kila mtu akanusa.

Kurudi, basi la kawaida kutoka Amani linaondoka alfajiri sana, kwahiyo ukitaka Jumapili yako ya huko juu panga usafiri mapema, sie Mjomba alituitia Noah ya mtu wa kijijini, mpaka Muheza ilikuwa elfu 10 kila mmoja. Muheza ni msimu wa machungwa, tukashuka tukanunua kiroba kizima tukagawana.

Nani aende? Mtoto wa kuanzia miaka kumi anayetembea ataweza, mtu mwenye presha au magoti mabovu asipande kutoka Zigi, apande gari mpaka juu afanye ile ya usiku na bustani. Usiende masika. Chukua koti la mvua hata kama mjini kuna jua la kuua, sweta, soksi ndefu jozi tatu, tochi yenye betri mpya, na pawabenki. Viatu vyenye meno chini. Chumvi na sukari mnunue Muheza, juu kuna vibanda lakini usitegemee. Mkikutana na wazee njiani salimieni, Kisambaa kidogo kinasaidia, sie tulifundishwa "onga mshi" ya mchana na kila tuliposema watu walisimama.

Waongozaji nawapa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu wataipata siku wakileta ile karatasi ya bei. Tumeshalipa kianzio cha mwezi wa tisa. Safari hii nampeleka mama, ana miaka 61, amekunywa maji ya Zigi maisha yake yote. Nimempigia Mjomba kumwambia magoti ya mama sio mazuri, akasema tutapanda gari mpaka juu, na pale kwenye kijito cha Zigi tutasimamisha tumshushe taratibu, fimbo yake ameshaikata.